Herriot kwa kitabu, kwa BBC ya zamani au kwa tamthilia mpya: uanze na kipi?

Ukitafuta All Creatures Great and Small utapata vitu vinne vyenye jina hilohilo: kitabu cha mwaka 1972, filamu ya 1975, tamthilia ya BBC iliyoanza 1978 na tamthilia nyingine iliyoanza 2020 kwenye Channel 5 ya Uingereza. Vyote vinasimulia habari za daktari mmoja wa mifugo, James Herriot, huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mtu aliyesifiwa Herriot na rafiki yake hujikuta ameshika kimoja bila kujua kwamba rafiki alikuwa akizungumzia kingine. Makala hii inavilinganisha vitatu vikubwa. Filamu nitaigusa tu, kwa sababu sijaona sababu ya mtu kuanzia pale.

Kwanza, mwenyewe ni nani. James Herriot ni jina la kalamu. Jina lake ni James Alfred Wight, nyumbani wakimwita Alf. Alizaliwa Sunderland mwaka 1916, akakulia Glasgow, akahitimu udaktari wa mifugo hukohuko mwaka 1939, na Julai 1940 akapata kazi kwa Donald Sinclair kwenye mji mdogo wa Thirsk, nyumba namba 23 mtaa wa Kirkgate. Hakuondoka tena eneo lile, ukiacha muda aliotumikia jeshi la anga wakati wa vita. Alikuwa amevuka miaka 50 kitabu chake cha kwanza kilipotoka, mwaka 1970. Kanuni za taaluma yake zilikataza daktari kujitangaza, kwa hiyo jina lake halisi halikufaa kuwekwa kwenye jalada. Siku moja akitazama mpira kwenye televisheni alimwona Jim Herriot, kipa wa Birmingham City, akidaka vizuri, akalichukua jina lake. Alifariki mwaka 1995, na nyumba ile ya Kirkgate sasa ni makumbusho.

Vigezo

Nimetumia vinne. Kicheko kinatoka wapi? Kazi yenyewe ya kutibu wanyama inaonekana kiasi gani? Watu wa nyumba ile wamechorwaje? Na mwisho, lugha na muda: inakudai Kiingereza cha namna gani, na jioni ngapi?

Kigezo cha uaminifu kwa mambo yalivyotokea nimekiacha makusudi. Hata kitabu si kumbukumbu zilizonyooka. Mji wa Darrowby, ambako visa vyote vinatokea, haupo kwenye ramani. Donald Sinclair amekuwa Siegfried Farnon, mdogo wake Brian amekuwa Tristan, na Joan, mke wa Wight, amekuwa Helen. Kitabuni kijana anafika kabla ya vita, ilhali Wight alifika vita vikiwa vimeshaanza. Kwa hiyo anayeilaumu tamthilia mpya kwamba imebuni mambo akumbuke kwamba aliyeanza kubuni ni mzee mwenyewe, na alibuni kwa ustadi.

Kicheko

Hapa ndipo tofauti ilipo kubwa kuliko pote, na ndipo kitabu kinapowazidi wenzake.

Sura ya kwanza inamkuta kijana amelala kifudifudi kwenye sakafu ya mawe ya zizi, usiku wa baridi, kifua wazi, mkono mzima umo ndani ya ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Ndama amekaa vibaya. Saa zinapita. Mwenye ng'ombe, Bwana Dinsdale, ni mtu mrefu, mnyonge, asiye na maneno. Lakini ana mjomba wake pale, naye maneno anayo ya kutosha, na yote ni ya kumsifu daktari mwingine: Bwana Broomfield angefanya hivi, Bwana Broomfield hawezi kufanya vile. Hatimaye ndama anatoka, mzima. Kijana amechakaa kwa jasho, damu na sabuni. Dinsdale anauliza, vipi kuhusu kinywaji? Kijana anashukuru kwa moyo wote, maana kazi ilikuwa nzito. Dinsdale anamrekebisha: alikuwa anauliza kuhusu ng'ombe.

Kinachofanya kazi pale ni sauti. Anayesimulia ni mzee anayemcheka kijana aliyekuwa yeye. Kila mkulima, kila fahali, kila bibi mwenye mbwa anatoka kwenye ukurasa akiwa mkubwa kidogo kuliko daktari. Hamcheki mkulima kwa ushamba wake. Anajicheka yeye kwa kudhani shahada ya Glasgow ingemsaidia mbele ya mjomba wa Dinsdale. Ndiyo maana vichekesho hivi havijachacha kwa zaidi ya miaka 50: anayedhalilishwa ndani yake ni mwandishi, na amejidhalilisha kwa hiari.

Televisheni haina sauti hiyo. Kamera iko nje ya kijana, inamtazama tu. BBC walilitatua hilo kwa kukihamishia kicheko kwenye ugomvi wa ndugu wawili. Robert Hardy kama Siegfried ni radi: anatoa amri asubuhi, anaikana mchana, kisha anakukaripia kwa kuitii. Peter Davison kama Tristan ni kijana mvivu anayefeli mitihani, anayevuta sigara na kupenda baa, na anayejua kusubiri dhoruba ipite. Christopher Timothy, ndiye James, kazi yake kubwa ni kusimama katikati na kunyeshewa. Kuna vipindi ambavyo mgonjwa wa siku humkumbuki hata kidogo, lakini mabishano ya mezani unayakumbuka.

Tamthilia ya 2020 inacheka taratibu zaidi. Nicholas Ralph, Mskoti kweli, anamcheza James mwenye haya, na kicheko chake ni cha aibu ndogondogo. Hutashika mbavu, ila utatabasamu saa nzima. Wapo wanaopenda hivyo, hasa usiku baada ya kazi.

Mfano wa kupimia ni kisa cha Tricki Woo, mbwa mdogo wa aina ya Pekingese, kipenzi cha tajiri mjane aitwaye Bibi Pumphrey. Analishwa keki na malai mpaka anashindwa kutembea. James anamchukua akae kliniki, hampi dawa yoyote, anamwacha acheze na mbwa wengine na kula chakula cha kawaida. Mbwa anapona upesi. Bibi Pumphrey, kwa wasiwasi, anatuma mayai ya kumrudishia nguvu, kisha mvinyo, kisha brandi, na madaktari wanavila na kuvinywa vyote. Kitabuni unakiri kosa pamoja na msimulizi: kila siku mbwa anazidi kuchangamka, na kila siku wanatamani asirudishwe kwao haraka. Kwenye BBC, Margaretta Scott anamfanya bibi yule kuwa kituko mpendevu. Kwenye tamthilia mpya alianza Diana Rigg, akafariki Septemba 2020, nafasi ikashikwa na Patricia Hodge. Hao wawili wanamfanya kuwa mpweke kwanza, kituko baadaye. Hakuna kati ya hizo tatu iliyokosea. Ni suala la unapenda ucheke na nani.

Pia kitabu kinajua pa kunyamaza. Kuna sura ya Bi Stubbs, mwanamke mzee asiyeondoka kitandani, anayeishi na mbwa na paka wake, na hofu yake moja ni kwamba akifa hatawakuta tena, kwa kuwa wengine humwambia wanyama hawana roho. Kijana aliyekuja kutibu mbwa analazimika kujibu swali la kasisi. Jibu lake, kwamba kama roho ni uwezo wa kupenda, kuwa mwaminifu na kushukuru, basi wanyama wanawazidi binadamu wengi, ni fupi na halina madoido. Sura chache baadaye unacheka tena. Mpangilio huo wa sura, chungu kisha tamu, ndio televisheni zote mbili zimejaribu kuuiga, na haziupati kila mara.

Kazi yenyewe

Wight alianza kazi wakati mifugo haikuwa na dawa nyingi za maana. Dawa za salfa zilikuwa ngeni, penisilini ilifika kwa wakulima baada ya vita, na sehemu kubwa ya rafu ilikuwa chupa za michanganyiko yenye rangi kali na nguvu kidogo. Farasi wa kulima walikuwa wanatoweka, trekta likiingia. Vitabu vimehifadhi kipindi hicho kwa namna ambayo taarifa za idara haziwezi: kizazi kilichotoka nje na namna ya kukirudisha huku mvua ikinyesha, upimaji wa kifua kikuu cha ng'ombe zizi kwa zizi, ng'ombe aliyelala kwa homa ya maziwa anavyoinuka baada ya sindano ya kalsiamu na kumfanya daktari aonekane mchawi. Wight mwenyewe aliambukizwa bruselosi na ng'ombe aliowatibu.

Msomaji aliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe wa maziwa, iwe Rungwe au Nyeri, hatahitaji kuelezwa. Mkulima anayemwita daktari saa nane usiku, kisha asubuhi anabishia bili, anajulikana pande hizi pia.

Kitabu hakifichi vifo. Moja ya kazi zake za kwanza peke yake ni farasi wa gharama wa Lord Hulton, utumbo umejisokota, hana tiba. Soames, msimamizi wa shamba, anasisitiza ni tumbo la kawaida na anamtishia. Kijana anampiga risasi mnyama kumwondolea mateso, kisha anarudi kungoja kuona kama bado ana kazi. Unasoma ukiwa umeshika pumzi.

BBC walikichukua kisa hicho wakakifanya cha mwanzo kabisa, na kwa jumla wao ndio walioheshimu matope. Mkono wa Christopher Timothy uliingia kweli ndani ya ng'ombe wa kweli, daktari wa mifugo akiwa pembeni kuelekeza. Inaonekana usoni kwake, maana baridi ile si ya kuigizwa. Tamthilia mpya inafuata taratibu za leo za kulinda wanyama: nayo ina daktari mshauri, lakini sehemu za ndani hufanywa kwa ng'ombe wa bandia. Kwa jicho la kawaida hutambui. Linalotambulika ni kwamba kila kitu kimepigwa mwanga mzuri. Vilima vya Yorkshire Dales havijawahi kupendeza hivyo, na mji wa Grassington unaotumika kama Darrowby umepakwa rangi kama siku ya sherehe. BBC walitumia Askrigg, na kule mvua ni mvua. Mimi nina upande hapa, nakiri: kazi hii bila uvundo naiona pungufu. Lakini najua watu ambao wangefunga televisheni kipindi cha kwanza tu cha BBC kwa sababu ya uvundo huohuo.

Watu

Tamthilia mpya inashinda hapa, kwa mbali.

Kwenye vitabu Siegfried na Tristan wako kamili. Siegfried wa ukurasani ni mtu msahaulifu, mkarimu, asiyetabirika, na mtoto wa Wight ameandika kwamba Donald wa kweli alizidi hata hapo. Wanawake, hata hivyo, wamechorwa kwa mstari mwembamba. Helen ni mzuri, mpole, mcheshi, na zaidi ya hapo humjui. Bibi Hall, mtunza nyumba, anapika vizuri na kunyamaza.

BBC walimpa Helen uhai kiasi kupitia Carol Drinkwater, kisha tamthilia iliporejea mwaka 1988 nafasi hiyo akaishika Lynda Bellingham, na mtazamaji inambidi azoee sura nyingine. Bibi Hall wa Mary Hignett yuko karibu na wa kitabuni.

Mwaka 2020 mtunzi Ben Vanstone alifanya uamuzi wa kijasiri: Bibi Hall, anayechezwa na Anna Madeley, si mzee tena, ana ndoa iliyovunjika na mtoto wa kiume aliyetengana naye, na ndiye mhimili wa Skeldale, nyumba wanamoishi na kufanyia kazi. Siegfried wa Samuel West ni mgane ambaye hasira zake zina mizizi kwenye msiba. Helen wa Rachel Shenton ana shamba la baba yake la kuendesha, ana mdogo wa kike wa kulea, na ana mchumba tajiri kabla ya James. Mengi ya hayo huyapati kitabuni. Mpenzi wa vitabu anaweza kukasirika. Mimi sikukasirika, ila gharama ipo: kadiri huzuni za watu zinavyoongezeka ndivyo ng'ombe wanavyopungua.

Lugha na muda

Kiingereza cha Herriot ni chepesi, sentensi zake fupi, sura zake fupi. Kikwazo ni wakulima, ambao wanazungumza lahaja ya Yorkshire na mwandishi ameiandika inavyotamkwa. Kurasa 30 za mwanzo zinakwaza, kisha sikio linazoea. Anayependa kusikiliza kuliko kusoma atafurahi kwamba Christopher Timothy mwenyewe amevisoma vitabu hivi kwa sauti. Kwenye runinga, weka maandishi chini ya picha bila aibu.

BBC ina vipindi 90, vingine vimekaa pamoja na vingine vimeachana kwa miaka. Misimu mitatu ya mwanzo, 1978 hadi 1980, imejengwa juu ya visa vya vitabu. Baada ya hapo kuna mapumziko marefu yenye vipindi viwili vya Krismasi tu, kisha minne ya 1988 hadi 1990, ambapo visa vya vitabuni vilikuwa vinakwisha na waandishi wa tamthilia wakatunga vyao. Ukiishia msimu wa tatu hujapoteza kitu kikubwa. Tamthilia mpya ni fupi: misimu yake huwa na vipindi sita na kimoja cha Krismasi, na unaweza kumaliza msimu mwishoni mwa wiki.

Njia za pembeni

Kuna James Herriot's Dog Stories ya mwaka 1986 na Cat Stories ya 1994, mikusanyo ya visa vya mbwa na vya paka. Ni vizuri kwa mtu asiyejali ng'ombe, lakini ng'ombe wakitoka, nusu ya chumvi imetoka. Kwa watoto wadogo kuna vitabu vya picha, kikiwemo Moses the Kitten. Filamu ya 1975 ina Anthony Hopkins kama Siegfried. Itazame ukiwa na hamu ya kumwona Hopkins.

Kwa hali yako

Kama unasoma ukiwa kwenye daladala au foleni ya benki, chukua kitabu. Sura moja ni kisa kimoja, na ukikatizwa hujapoteza uzi.

Kama kuna mtu nyumbani anayesomea mifugo, awe Sokoine Morogoro au Kabete, mpe kitabu kwanza, halafu misimu mitatu ya kwanza ya BBC. Atacheka mahali ambapo wengine hawataona kichekesho.

Kama mnatazama familia nzima, bibi, watoto na shangazi mgeni, tamthilia mpya ndiyo salama. Kitabu kina risasi na damu, na BBC wana mikono inayoingia palepale inapoingia.

Kama umepoteza mnyama hivi karibuni, hoja ni nyingine kabisa. Wengine sura ya Bi Stubbs itawafaa, wengine itawaumiza. Tamthilia mpya inakuandaa kabla ya mnyama kufa, kitabu hakikuandai.

Kama unavutiwa na watu wanaoishi pamoja kuliko na tiba, nenda moja kwa moja 2020, na usiwasikilize wanaokwambia ulipaswa kusoma kwanza.

Kama Kiingereza chako ni cha shule na unataka kukinoa, anza na tamthilia mpya ili sikio lishike matamshi, kisha kitabu. Sura utakazozitambua zitakubeba juu ya lahaja.

Ukishaamua kununua vitabu, angalia jalada. All Creatures Great and Small ya 1972 iliundwa Marekani kwa kuunganisha vitabu viwili vidogo vya Uingereza, If Only They Could Talk na It Shouldn't Happen to a Vet, na kuongeza sura za mwisho ili James amwoe Helen. Vivyo hivyo All Things Bright and Beautiful ina ndani yake Let Sleeping Vets Lie na Vet in Harness, na All Things Wise and Wonderful ina Vets Might Fly na Vet in a Spin. Chagua mfululizo mmoja, vikubwa au vidogo, la sivyo utalipia visa vilevile mara mbili. The Lord God Made Them All ya 1981 na Every Living Thing ya 1992 ziko peke yake, na hazina shida hiyo.